Springi ya Hewa kwenye Barabara ya Mutomo

Mwenye kusafiri kutoka Kibwezi kwenda Kitui kwa njia ya Ikutha na Mutomo, hasa katika miezi ya kiangazi ambapo mto Tiva hubaki mchanga mtupu, aghalabu hukutana na pikapu iliyoinua pua kana kwamba yanusa mvua, nyuma yake ikikokota trela ya magurudumu mawili yenye tangi la maji, na taa zake, giza likiingia, hazimulikii barabara bali matawi ya migunga. Wenye pupa ya kuhukumu husema gari hiyo imechoka. Fundi mmoja wa Wote, niliyemkuta amelala chali chini ya gari ya namna hiyo, alinisahihisha kwa upole: "Hapana, mzee, haijachoka. Imelemewa, tena imelemewa mahali pabaya."

Kila aliyepata kumfunga punda kwenye mkokoteni huko Ukambani aijua maana ya maneno yale, maana akipanga mitungi yake nyuma mno, mikono ya mkokoteni huinuka na kumkaba mnyama kifua, na akiisogeza mbele mno, humkandamiza mgongo. Trela haina tabia nyingine. Ili itulie barabarani isiyumbeyumbe, yatakiwa kiasi cha sehemu ya kumi ya uzito wake iegemee kwenye kifundo cha kukokotea. Basi lita 1,000 za maji ni kilo 1,000 kamili, na tukilikadiria tangi pamoja na trela yenyewe kuwa kilo 400, kifundo kitabeba kilo 140, ambazo mwenye pikapu huzidharau kwa kuwa ni uzito wa watu wawili tu. Lakini watu wawili hao hawakuketi juu ya ekseli: wamening'inia mita 1.2 nyuma yake, na gari yote imegeuka nyenzo ambayo egemeo lake ni magurudumu ya nyuma. Ikiwa ekseli mbili za gari zimeachana mita 3, kilo 56 huondolewa kwenye magurudumu ya mbele na kuhamishiwa nyuma, hata ekseli ya nyuma ikapokea kilo 196 badala ya zile 140. Taa kuelekea mbinguni ni aibu ndogo. Balaa ni kwamba magurudumu yaliyopunguziwa uzito ndiyo yanayokata kona, na ndiyo yanayofanya sehemu kubwa ya kazi ya breki.

Dawa ya zamani ni kuongeza chuma kimoja au viwili katika springi za nyuma, aghalabu vilivyotolewa kwenye lori bovu. Ni dawa ya kweli, ila haina mapumziko: maji yakishamwagwa na trela ikafunguliwa, ukakamavu ule hubaki, na gari tupu huruka juu ya makorongo ya murram kama mbuzi. Fundi wangu alikuwa akifunga kitu kingine, mfuko wa mpira mzito uliosukwa nyuzi ndani kama tairi, kimo chake kama cha kopo la kilo mbili la unga wa maziwa, bamba lake la juu limekazwa kwenye chesisi na la chini kwenye ekseli, na bomba jembamba la plastiki likitambaa hadi karibu na nambari ya gari, ambako huishia kwa valvu ya kawaida ya kujazia upepo.

Hapa sina budi kwenda Uingereza kidogo, maana kisa chenyewe ni kizuri mno kuachwa. Mwaka 1660 Robert Boyle alitoa kitabu juu ya kile alichokiita springi ya hewa, na pampu aliyoitumia katika majaribio yale aliundiwa na msaidizi wake, kijana Robert Hooke. Miaka miwili baadaye Boyle, kwa zebaki iliyomiminwa katika bomba la kioo lililopindwa, alionyesha kwamba hewa ikibanwa ikawa nusu ya nafasi yake, msukumo wake huwa maradufu. Hooke naye, mwaka 1678, alieleza kanuni ya springi ya chuma: mzigo ukiwa mara mbili, na kubonyea kwake huwa mara mbili. Chuma huongeza ukaidi wake kwa hesabu iliyonyooka, ilhali hewa, kadiri inavyobanwa, ndivyo inavyozidi kuwa kaidi. Bwana na msaidizi wake wamekutanishwa tena chini ya pikapu ya Wote, mmoja katika vyuma na mwingine katika mpira.

Hesabu ya kuujaza si ngumu. Chukua mfuko ambao eneo lake la kusukuma ni inchi 20 za mraba: kwa upepo wa ratili 30 utainua ratili 600, yaani kilo 272, na mifuko miwili itainua kilo 544. Pikapu ile ilipakiwa mifuko 7 ya saruji, kilo 350, ambayo pamoja na zile 196 za trela yatufikisha 546. Fundi, bila kushika kalamu, alijaza 30. Mizani yake ilikuwa futi ya fundi cherehani, aliyoishusha kutoka ukingo wa matao ya magurudumu hadi chini kabla ya kupakia, na tena baada ya kupakia, akiongeza upepo kidogo kidogo mpaka upande wa nyuma uliporudi kwenye kimo chake cha asili.

Alinionya mambo mawili ambayo muuzaji wa mifuko huwa hayatamki. Kwanza, usiiunganishe mifuko yote kwa bomba moja, kwani gari ikiegemea kwenye kona, hewa hukimbilia mfuko wa upande wa pili, na gari huzidi kulala. Pili, usiuache mtupu kamwe, hata gari isipobeba kitu. Ratili 5 zibaki, la sivyo mpira hujikunja, mchanga huingia katika mikunjo, na kwa mchanga wa Kitui hiyo ni msasa.

La tatu naliongeza mimi. Mfuko hauongezi hata kilo moja katika uzito ambao mtengenezaji ameuruhusu. Ekseli, beringi, tairi na breki ni zile zile, na mzigo haujapungua kwa kuwa gari imesimama wima. Fauka ya hayo, springi ya chuma huikamata chesisi kwa ncha zake mbili zilizoachana, ilhali mfuko huisukuma mahali pamoja, juu ya ekseli, huku mkia wa gari ukivutwa chini na trela. Huko Australia, ambako watu huvuta nyumba za magurudumu jangwani, pikapu nyingi zimepinda chesisi papo hapo. Mfuko huificha dalili ya kuzidisha mzigo, na dalili ikifichwa dereva huongeza mifuko miwili ya saruji.

Nilipokutana na pikapu ile tena, Mutomo, jua lilikuwa limezama na tangi limekwisha kumwagwa. Dereva alichuchumaa nyuma ya gari, akabonyeza valvu kwa mwiba wa mgunga, kwanza upande mmoja kisha wa pili, hewa ikatoka kwa mlio mrefu uliomfanya punda aliyefungwa jirani ageuze masikio. Alipima, akabonyeza tena kidogo, akapima. Ilipofika 5 akafunga vifuniko na kwenda kunawa mikono.