Kutunza Pikipiki Kuukuu Nyumbani kwa Usalama

Neno bodaboda lilizaliwa jirani na kwetu, mpakani Busia, katika miaka ya 1960, wakati vijana wenye baiskeli walipokuwa wakivusha abiria na mizigo kati ya Uganda na Kenya. Baiskeli zilifuatwa na pikipiki, na neno likaingia katika Kiswahili cha Afrika Mashariki nzima. Siku hizi hata mwalimu wa Kiswahili anayefundisha shule mbili au tatu huzifikia kwa pikipiki yake mwenyewe, na mara nyingi pikipiki hiyo si mpya. Huwa ni Honda CG125, Yamaha AG100 au Bajaj Boxer iliyokwisha kupita mikononi mwa watu kadhaa.

Pikipiki za aina hii hazimwonei mwenyewe. CG125, kwa mfano, ilianza kutengenezwa mwaka 1976, na Honda iliisanifu injini yake iwe rahisi kutunza na ivumilie mahali ambapo matengenezo ni haba. Kwa spana chache, bisibisi, koleo na subira, mwenye pikipiki anaweza kufanya kazi nyingi uani kwake. Katika makala haya tunaeleza kazi hizo na, lililo muhimu zaidi, jinsi ya kuzifanya bila kuumia. Kazi rahisi ndiyo mtu huifanya kwa haraka, bila kujiandaa, huku akizungumza na jirani.

Hatari tatu

Hatari za kazi hii tunaweza kuzigawa katika mafungu matatu: moto, mzunguko na uzito. Moto ni petroli, bomba la moshi lililopashwa na oili inayochoma. Mzunguko ni cheni, meno ya sproketi na spoki za gurudumu. Uzito ni pikipiki yenyewe, ambayo hata ikiwa ndogo huzidi kilo 90 na inaweza kumwangukia mtu au mtoto aliyesimama karibu.

Kwa hiyo, kabla ya kushika spana, tufuate mpangilio mmoja kila mara. Tuiweke pikipiki nje, penye hewa, juu ya ardhi ngumu na tambarare. Tuisimamishe kwa stendi ya kati ikiwa inayo, kwani stendi ya pembeni huzama ardhini na pikipiki hulala. Tuzime injini, tutoe ufunguo na tuutie mfukoni. Tusubiri injini ipoe. Tuvue pete na saa, tukunje mikono ya shati, na anayevaa gomesi, kanzu au leso abadili kwanza. Mwisho, watoto wakae mbali.

Petroli

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini, hupita chini ya mlango na kuifikia sigiri yenye makaa iliyo barazani, nao huwaka hata pale ambapo petroli yenyewe haionekani. Ndiyo sababu kazi ya kufungua kabureta au tangi haifanywi ndani ya nyumba, wala karibu na jiko, sigara au taa ya mafuta. Tuweke ndoo ya mchanga karibu. Maji hayazimi moto wa petroli, huusambaza.

Katika pikipiki kuukuu, mpira unaotoka kwenye tangi kwenda kwenye kabureta hupasuka kwa uzee. Tuukague kila wiki, na tufunge koki ya petroli kila tunapoegesha pikipiki usiku.

Zipo desturi tatu ambazo tunapaswa kuziacha. Ya kwanza ni kunyonya petroli kwa mdomo kupitia mpira. Petroli ikiteremka mapafuni hudhuru vibaya. Aliyeimeza asilazimishwe kutapika, bali apelekwe hospitali mara moja. Ya pili ni kuihifadhi katika chupa ya soda au ya maji, ambayo mtoto mwenye kiu hawezi kuitofautisha na nyingine. Ya tatu ni kuoshea mikono. Petroli huondoa oili, ndiyo, lakini pia hukausha ngozi na kupenya mwilini. Sabuni na sukari kidogo hufanya kazi hiyo vizuri.

Cheni

Cheni ndiyo sehemu inayodai kazi mara nyingi zaidi, na ndiyo inayokata vidole. Wapo wanaowasha injini, wakatia gia, gurudumu la nyuma likiwa hewani, kisha wakapaka oili huku cheni inakimbia. Kitambaa kikinaswa, mkono hufuata kabla mtu hajawahi kuuachilia. Njia salama ni injini kuzimwa, gia kuwa huru, na gurudumu kuzungushwa kwa mkono kidogo kidogo. Hata hapo, vidole visikaribie sproketi.

Tusafishe cheni kwa brashi na mafuta ya taa, tuikaushe, kisha tutie oili nzito ya gia upande wa ndani, ili mzunguko uisukume kuelekea nje. Halafu tupime ulegevu katikati ya sehemu ya chini. Kwa pikipiki nyingi ndogo, cheni hucheza juu na chini kati ya milimita 20 na 30, lakini kitabu cha pikipiki yenyewe ndicho mwamuzi. Cheni iliyozeeka hairefuki sawasawa, hivyo tuipime mahali kadhaa na kuirekebisha pale inapobana zaidi. Tukilegeza ekseli na kuvuta gurudumu nyuma, alama za kupimia za kushoto na kulia zilingane. Ikiwa cheni imeungwa kwa klipu, upande wake uliofungika uelekee kule cheni inakokwenda. Ikigeuzwa, inaweza kuchomoka njiani.

Jambo moja husahaulika: gurudumu likisogea, breki ya nyuma inayovutwa kwa fito nayo hubadilika. Tuipime upya kabla ya kupanda.

Oili

Oili humwagika vizuri injini ikiwa na joto kidogo, baada ya kunguruma kwa dakika mbili au tatu. Ingurume nje. Moshi wa pikipiki una hewa ya sumu, monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu, na katika chumba kilichofungwa huua bila kumtahadharisha mtu. Baada ya kuzima, tusubiri kidogo, tuweke beseni chini, kisha tufungue boliti ya kumwagia, uso ukiwa pembeni.

Kurudisha boliti kunahitaji upole, kwa kuwa uzi wa aluminiamu huharibika upesi. Tuianze kwa vidole, na spana ije mwisho. Pikipiki nyingi ndogo huchukua karibu lita moja. Tunapopima, pikipiki isimame wima. Katika pikipiki nyingi za Honda kipimio huingizwa tu bila kukazwa. Anayekikaza atadhani oili ni nyingi kuliko ilivyo.

Oili chafu isimwagwe mtaroni, maana mtaro huishia kwenye kisima au ziwa. Tuitie katika dumu lenye kifuniko na kuipeleka gereji inayokusanya oili ya zamani.

Breki, tairi na betri

Breki za pikipiki hizi nyingi zimo ndani ya kitovu cha gurudumu. Nyingine zina mshale mdogo kwenye mkono wa breki. Ukifika kwenye alama breki inapokanyagwa, vipande vya ndani vimekwisha. Vumbi lililomo humo tusilipulize kwa mdomo wala kwa pampu. Katika pikipiki za zamani laweza kuwa na asbesto, inayodhuru mapafu. Tulifute kwa kitambaa kilicholoweshwa maji, wala oili isifike hapo kamwe.

Upepo wa tairi hupimwa kwa geji, asubuhi, kabla ya safari kuzipasha joto tairi. Kubonyeza kwa kidole gumba hakutoshi.

Betri yenye maji ina asidi, na inapochajiwa hutoa gesi inayowaka. Tunapoifungua, waya wa hasi hutangulia kutoka, na tunapoirudisha huwa wa mwisho. Huongezwa maji yaliyotoneshwa tu, mpaka kati ya mistari miwili iliyochorwa ubavuni.

Pa kuishia

Usalama ni pamoja na kujua kazi isiyo yetu. Kufungua injini, kupima vali, kunyoosha fremu na kuchomelea kitu chochote karibu na tangi tumwachie fundi. Tangi tupu ni la hatari zaidi kwa mchomeleaji, kwa sababu limejaa mvuke.

Kazi ikiisha, tuhesabu spana zote. Tuizungushe klachi, breki na usukani kwa mkono, tuisukume pikipiki na kukanyaga breki, kisha tuiendeshe polepole uani kabla ya kutoka barabarani.

Lugha ya maelekezo

Kwa walimu, kazi hii ni somo zuri la lugha ya maelekezo. Tuwape wanafunzi sentensi hii: “Zungusha gurudumu ukipaka oili.” Kisarufi haina kasoro, lakini haisemi gurudumu lizungushwe na nini. Kiambishi -ki- kinaonyesha matendo mawili yanayokwenda pamoja, na msomaji asiyejua anaweza kuwasha injini. Tulinganishe na hii: “Zima injini. Kisha zungusha gurudumu kwa mkono, kidogo kidogo, huku ukipaka oili.” Hapa mpangilio wa matendo umeonyeshwa, na chombo kimetajwa.

Vilevile, “Injini ikipoa, fungua boliti” ni dhaifu kuliko “Usifungue boliti mpaka injini iwe imepoa.” Ya kwanza inaeleza wakati, ya pili inakataza. Panapo hatari, katazo litangulie.

Msamiati nao una mafunzo. Kitabu huandika mnyororo, fundi husema cheni. Mmoja hutamka klachi, mwingine krachi. Tusimcheke fundi wala tusikitupe kitabu. Mwanafunzi ayajue yote mawili, kwa kuwa dukani atauliza cheni na katika mtihani ataandika mnyororo. Tunapendekeza kila darasa litembelee gereji iliyo karibu, liorodheshe majina ya vifaa kama mafundi wanavyoyatamka, kisha kila mwanafunzi aandike maelekezo ya kazi moja. Mwenzake ayasome na kuyafuata, injini ikiwa imezimwa. Atakapokwama, maelekezo hayo yaandikwe upya.

Tunawatakia matengenezo mema na safari njema.