Nta, Joto na Matumbawe: Sanaa Dhahania ya Enkaustiki katika Mazingira ya Diani

Wahenga walinena: fuata nyuki ule asali. Methali hiyo haitaji nta, ilhali nta nayo ina historia ndefu katika sanaa. Makala haya yanakusudia kueleza enkaustiki, yaani uchoraji wa nta ya moto, na kuonyesha jinsi mbinu hiyo inavyoweza kubeba maarifa ya kisayansi kuhusu matumbawe ya Diani, katika Kaunti ya Kwale, bila kuchora umbo la tumbawe hata moja.

Neno enkaustiki lina asili ya Kiyunani na hudokeza dhana ya kuunguza. Afrika si mgeni wa sanaa hii. Nyingi kati ya picha za nyuso za wafu zilizopatikana Fayum, nchini Misri, za karne ya 1 hadi ya 3 B.K., zilichorwa kwa nta juu ya mbao, na rangi zake zingali hai hadi leo.

Katika pwani ya Kenya, sanaa ya nta inayofahamika zaidi ni batiki, ambayo huuzwa kwa watalii Diani. Hata hivyo, mbinu hizi mbili zinatofautiana kimsingi. Katika batiki, nta huzuia rangi isipenye kitambaani, kisha huondolewa. Katika enkaustiki, nta ndiyo rangi yenyewe, nayo hubaki.

Utengenezaji wake ni kama ifuatavyo. Kwanza, nta safi ya nyuki, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi za Selsiasi 62 hadi 64, huchanganywa na utomvu mkavu wa mti ili iwe ngumu zaidi. Aghalabu hutumika takriban sehemu 8 za nta kwa sehemu 1 ya utomvu. Pili, rangi ya unga hutiwa. Tatu, mchanganyiko hupakwa ungali moto juu ya ubao unaofyonza. Nne, kila tabaka hupashwa joto ili lishikamane na lililo chini yake, lisipopashwa, hubanduka. Kazi hii hufanyika mahali penye hewa ya kutosha, kwani nta ikipashwa joto kupita kiasi hutoa moshi wenye madhara na huweza kushika moto.

Uhusiano wake na matumbawe umo katika mambo mawili: tabaka na joto. Tumbawe ni mnyama mdogo anayejenga kiunzi cha chokaa. Baadhi ya matumbawe huongeza tabaka mwaka baada ya mwaka, mithili ya duara za umri ndani ya shina la mti. Mwani mdogo mno unaoishi mwilini mwake humpa chakula na sehemu kubwa ya rangi yake. Maji yakizidi joto la kawaida la msimu wa kiangazi kwa takriban nyuzi 1 kwa majuma kadhaa, tumbawe huufukuza mwani huo, likapauka. Hali hiyo ikidumu, hufa. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1998, matumbawe mengi ya pwani ya Kenya yalipopauka na kufa.

Msanii wa sanaa dhahania anaweza kupanga matabaka ya rangi juu ya msingi mweupe, akayafunika kwa nta isiyo na rangi, kisha akakwangua hadi weupe ule uchomoze. Aidha, anaweza kuzidisha joto kwa makusudi mahali fulani ili mipaka ya matabaka ivurugike. Hapo haigi sura ya tumbawe, bali mchakato unaolipata. Joto lile lile linalounganisha kazi yake ndilo linaloweza kuiharibu.

Ni dhahiri basi kwamba udhahania si ukosefu wa maana. Mhakiki anayeuliza tu "hiki ni kitu gani?" hataambulia kitu mbele ya kazi kama hii. Swali lifaalo ni: joto limefanya nini hapa, na limeacha nini? Wanafunzi wa Kiswahili, waliozoea kuchambua taswira katika ushairi, wana nyenzo za kulijibu. Kilichosalia ni kuziandaa istilahi zake, ili msiba wa bahari ya Diani uweze kujadiliwa kwa lugha ya wakazi wake.