Unayejifunza Kukwea, Jifunze Kwanza Kushuka



Huku Mbwawa, Kibaha, miembe, minazi na mikorosho ni mali ya familia. Vijana wetu hujifunza kukwea ili wapate riziki kwa kuangua nazi na kupogoa matawi. Ni kazi halali, lakini mnazi mrefu hufika mita 20 na zaidi. Sisi wauguzi tunawapokea walioanguka. Wengine huletwa wamelazwa juu ya ubao. Wengine, kwa huruma isiyo na elimu, huletwa wamekalishwa kwenye pikipiki katikati ya watu wawili. Mgongo uliovunjika ukikunjwa hivyo, mishipa ya fahamu iliyomo ndani yake huweza kuharibika, na kijana asitembee tena.

Anayeanza azingatie haya:

1. Ajifunze kwa mkwezi mzoefu, kamwe asiwe peke yake. Apande kimo cha mtu tu, ashuke, arudie siku nyingi. Kushuka ni kugumu zaidi, kwa sababu macho hayaoni mguu unapokanyaga.

2. Akague kamba ya miguuni kila siku. Mkanda wa usalama, kama wa mafundi wa umeme, ukipatikana autumie.

3. Juu ya mnazi asishike kuti kavu, maana hung'oka. Kwenye mwembe akanyage tawi karibu na shina, na asogeze mkono mmoja au mguu mmoja tu kwa wakati.

4. Autazame mti kwanza. Kama kuna nyaya za umeme karibu, nyuki, au maji moto wengi, auache. Akiumwa ataachia mikono.

5. Asipande wakati wa mvua au upepo, wala akiwa amekunywa pombe. Mwenye kifafa au kizunguzungu asipande kabisa.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwanafunzi naye akishangiliwa na wenzake huongeza kimo kabla ya wakati wake. Tusimshangilie. Nanyi wazazi, watoto wasitumwe juu ya miti: embe huchumwa kwa ngoe, na korosho huanguka zenyewe.

Mtu akianguka, msimwinue, msimkalishe wala msimkande mgongo. Mmoja ashike kichwa kwa mikono miwili, kisinyooshwe kwa nguvu wala kugeuzwa. Damu ikitoka, kandamizeni kwa kitambaa safi. Akitapika, ageuzwe ubavu, mwili wote kwa pamoja kama gogo. Watu wanne au zaidi wamlaze hivyo hivyo juu ya ubao au mlango, afungwe asiteleze, apelekwe hospitali kwa gari. Asipewe chakula wala maji, maana huenda akahitaji upasuaji.

Hata akisimama na kucheka, aletwe. Bandama iliyopasuka huvuja damu tumboni kimya kimya. Tumbo likiuma au kujaa, akipauka au kuona kizunguzungu, msingoje asubuhi.

Zakayo alipanda mkuyu, na alipoitwa na Bwana alishuka kwa haraka. Wewe, kijana wetu, shuka pole pole. Mama yako anakungoja chini, nasi hatupendi kukutana nawe wodini.

Mungu awalinde.