Alifungwa juu ya kifo cha mtu aliye hai: filamu inasema alipize, sheria inasema nini?

Mwanamke anahukumiwa kwa kuua bwana yake. Akiwa gerezani anapiga simu, na katikati ya mazungumzo anasikia mtoto wake akimwita baba. Kumbe bwana yuko hai, amejificha na rafiki ya mke wake. Hiyo ndiyo hadithi ya filamu ya Marekani Double Jeopardy ya mwaka 1999, inayojulikana kwa Kifaransa kama Double jeu. Ashley Judd anacheza kama Libby, yule mwanamke. Bruce Greenwood ni Nick, bwana yake. Tommy Lee Jones ni afisa anayemfuata Libby baada ya kutoka gerezani.

Kinachowavuta watazamaji ni neno moja ambalo Libby anaambiwa na mfungwa mwenzake, mwanamke aliyekuwa avoka zamani. Anamwambia kwamba sheria haiwezi kumhukumu mtu mara mbili kwa kosa moja. Amekwisha kufungwa kwa kumuua Nick, basi akitoka anaweza kumuua kweli na hakuna atakayemgusa. Watu wengi wanaondoka mbele ya televizyo wakiamini hivyo. Ni vizuri kueleza, juu maneno ya namna hiyo yanaweza kumpeleka mtu wa kweli kwenye gereza la kweli.

Kosa moja, hukumu moja

Sheria ambayo filamu inaitaja iko. Iko Marekani, na iko pia hapa. Mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa, ambao Kongo iliingia mwaka 1976 wakati ikiitwa Zaïre, unakataza kumshitaki mtu tena kwa kosa ambalo limekwisha kukatiwa hukumu ya mwisho.

Lakini "kosa" maana yake ni tendo fulani, la siku fulani, mahali fulani. Chukua mfano wa kakao. Mtu aliyehukumiwa mwaka jana kwa kuiba magunia matano ya jirani hawezi kurudishwa mbele ya waamuzi kwa magunia yaleyale matano. Lakini akiiba tena mwaka huu, hata kwa jirani yuleyule, hilo ni kosa jipya. Na kama mwaka jana alihukumiwa bure, hakupewa ruhusa ya kwenda kuchukua magunia matano leo.

Ni vilevile kwa Libby. Alihukumiwa juu ya usiku mmoja kwenye mashua baharini. Kumpiga Nick risasi miaka mingi baadaye, katika muji mwingine, ni tendo lingine. Filamu yenyewe inaonekana inajua hilo, maana mwishoni Nick ndiye anashambulia kwanza, na Libby anapiga risasi kwa kujitetea. Kwa Kongo, kuua kwa kupanga kunaitwa assassinat, na kitabu cha makosa ya jinai kinaweka adhabu ya kifo.

Uganda: kesi iliyotokea kweli

Kuna mtu aliyepita kwenye jambo hilo bila kamera, na si mbali na Kasindi. Edward Mpagi, wa Uganda, alikamatwa mwaka 1981 pamoja na binamu yake. Walishitakiwa kwamba wameua mtu. Mwaka 1982 wote wawili walihukumiwa kifo. Yule waliyesemekana kumuua alikuwa hai.

Binamu alikufa gerezani mwaka 1985. Mpagi alibaki Luzira, gereza kubwa la Kampala, katika sehemu ya wanaongojea kunyongwa, na aliona wenzake wakiondolewa kwenda kuuawa. Jamaa yake haikuacha kutafuta na kusema kwamba "marehemu" anatembea. Hata hivyo, Mpagi alitoka mwezi wa Julai 2000 tu, kwa msamaha wa rais, baada ya miaka zaidi ya 18.

Angekuwa mtu wa filamu, angetoka akitafuta waliomshitaki. Yeye alitoka akitembea katika inchi mbalimbali, akielezea watu kwa nini adhabu ya kifo ni hatari: waamuzi wanaweza kukosea, na aliyenyongwa harudi.

Jambo hilo linagusa Kongo pia. Mwezi wa Machi 2024 serkali ya Kinshasa iliondoa zuio la kutekeleza hukumu za kifo, lililokuwa limedumu tangu 2003. Na tangu tarehe 6 Mei 2021 Kivu ya Kaskazini iko chini ya état de siège, na raia wengi wamepitia mbele ya tribinali za kijeshi. Pahali kama hapa, ambapo vita imeleta woga na mtu anaweza kuitwa adui juu ya neno la jirani, makosa ya hukumu yanaweza kuwa mazito sana.

Mlango ambao sheria imeacha wazi

Kwa Kongo, mtu aliyehukumiwa bure, hata kama apeli imekwisha, ana njia inayoitwa révision. Sheria ya tarehe 19 Februari 2013 juu ya kazi ya Cour de cassation inataja sababu nne za kufungua hukumu upya:

- mtu mwingine amehukumiwa kwa tendo lilelile, na hukumu mbili hizo haziwezi kuwa kweli zote;
- shahidi mmoja amehukumiwa kwa kusema uongo juu ya mshitakiwa;
- mtu alihukumiwa kwa kuua, na sasa kuna alama za kutosha za kuamini kwamba anayesemwa kuuawa yuko hai;
- kumeonekana jambo jipya au karatasi mpya inayoonyesha kwamba aliyehukumiwa hana kosa.

Sababu ya tatu ni hadithi ya Libby na ya Mpagi. Maana yake, walioandika sheria walijua kwamba jambo hilo linatokea.

Anayeweza kuomba ni Waziri wa Sheria au aliyehukumiwa mwenyewe. Kama amekufa, bibi au bwana yake, watoto wake au wazazi wake wanaweza kuomba kwa ajili yake, ili jina lisafishwe. Ikionekana hakuwa na kosa, anaweza pia kuomba malipo kwa hasara aliyopata. Shida ni kwamba Cour de cassation iko Kinshasa, na jamaa inahitaji avoka.

Kama "marehemu" ameonekana

Mpakani, mtu anaweza kuvuka Lubiriha asubuhi, akajiita jina lingine ng'ambo. Jamaa ikisikia kwamba anayesemwa amekufa ameonekana Bwera au Kampala, kumkamata kwa nguvu na kumrudisha amefungwa kamba ni kosa jipya, tena linaharibu ushahidi. Kinachosaidia ni kuandika siku na pahali alipoonekana, majina ya waliomwona, picha, kopi ya kadi yake ya uchaguzi kama inapatikana, na kupeleka yote kwa avoka, ili yafike kwenye parke na kwa Waziri wa Sheria. Shahidi wa uongo na anayemchongea mwenzake kwa viongozi wanaweza kushitakiwa, na hukumu juu yao inaweza kufungua révision.

Kutoroka pia si njia. Wafungwa zaidi ya 1300 walitoka Kangbayi, Beni, gereza liliposhambuliwa mwezi wa Oktoba 2020. Zaidi ya 800 walitoka Kakwangura, Butembo, mwezi wa Agosti 2022. Kama kulikuwa watu wasio na kosa kati yao, mlango uliovunjwa haukufuta hukumu zao. Uliwaongezea kesi.

Tena, kazi kubwa inafanyika mapema, kabla ya kufika Kinshasa. Katiba inasema mtu ni asiye na kosa mpaka hukumu ya mwisho. Anayekamatwa aelezwe sababu kwa luga anayoisikia, na asikae kwenye kasho ya polisi zaidi ya saa 48 bila kuachiliwa ao kupelekwa mbele ya wakubwa wa sheria. Ana haki ya kuwa na avoka. Hukumu ikitoka kwenye tribinali ya kiraia, apeli inafanywa ndani ya siku 10. Kwenye tribinali ya kijeshi siku ni chache zaidi, kwa hiyo avoka aulizwe siku ileile ya hukumu. Jamaa inayotumia siku hizo kumtafuta wa kulipiza inaweza kukuta siku zimepita, na mtu wao bado yuko ndani.