Ndai Mpya Inavuma? Skiza Tairi Kabla Fundi Akule Doo Zako

Umenunua ndai safi kutoka Japan, haijamaliza hata mwaka hapa Kenya, na ukitoka Wote kwenda Emali inaanza kelele chini. Usikimbilie kubadilisha beringi. Skiza kwanza.

Tik-tik-tik inayoenda na spidi: simama pahali salama, kagua tairi. Mara nyingi ni kokoto imekwama. Kama ni msumari na hauna spea, usiung'oe hapo.

Chuma inakwaruza baada ya kupiga vumbi huko Mutomo? Huenda kajiwe kameingia karibu na diski ya breki. Rudi nyuma polepole kidogo, katatoka. Kakikataa, peleka kwa fundi.

Mvumo unaopanda na spidi: skiza lami ikibadilika. Sauti ikibadilika pia, shuku tairi. Ikibaki vile vile, shuku beringi. Ikizidi ukikata kona ya kulia, mara nyingi ni beringi ya kushoto, juu uzito umeegemea huko.

Na usidanganywe na rangi kung'aa. Kenya inaruhusu gari iliyotumika hadi miaka 8, na tairi huzeeka pia. Cheki namba 4 za tarehe ubavuni: 2319 ni wiki ya 23, mwaka wa 2019.

Lakini ikigonga du-du-du, ama usukani uanze kutetemeka baada ya kubadilisha tairi, paki saa hiyo. Kagua nati, tafuta uvimbe kwa tairi. Hapo si doo tena, ni maisha yako.