Mkondo wa Amali na Heshima ya Kazi: Somo la Rungwe

Elimu ya Kujitegemea, iliyotolewa na Mwalimu Nyerere Machi 1967, ilikataa shule inayowaandaa wachache kwa mtihani na kuwasahau wengi wasioendelea. Swali lake bado ni letu: je, kijana amalizapo sekondari anaweza kwenda chuoni, na pia anaweza kufanya kazi?

Jibu la kwanza lilikuwa michepuo ya kilimo, ufundi, biashara na sayansikimu. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliongeza kwamba kazi ya mwaka mzima ihesabiwe pamoja na mtihani, na wahitimu wa kidato cha sita wafanye kazi kabla ya kuingia chuo kikuu. Sharti hilo la mwisho lililegezwa baadaye.

Jibu la sasa ni Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023. Tangu Januari 2024, baadhi ya shule zimeanza mkondo wa amali katika kidato cha kwanza, sambamba na mkondo wa jumla.

Hapa ndipo penye hatari. Mikondo miwili yaweza kuzaa matabaka mawili: wa jumla kwa watakaoamuru, wa amali kwa watakaoamriwa. Kasumba ya kudharau kazi ya mikono haiondolewi na muhtasari mpya peke yake.

Tuitazame Rungwe. Miteremko inayozunguka Tukuyu ina mvua nyingi na udongo wa volkano. Hutoa chai, ndizi, viazi, maziwa na parachichi. Lakini mkulima wa chai huuza jani bichi, na thamani huongezeka kiwandani. Ili thamani hiyo ibaki kwa wananchi, anahitajika kijana ajuaye kwa nini maziwa huharibika, awezaye kutengeneza mashine na kukagua hesabu za ushirika. Kazi hizo zinadai kemia, fizikia na hisabati. Basi amali ya kweli haipunguzi elimu; inaidai zaidi.

Kwa hiyo yapo masharti matatu. Karakana na walimu wa fani wapatikane kabla ya wanafunzi. Fani zitokane na uchumi wa mahali. Viwanda na vyama vya ushirika vipokee wanafunzi kwa mazoezi.

Ni wajibu wa viongozi, bodi za shule na wazazi kuyasimamia. Shamba la shule likiwa mahali pa adhabu, tutakuwa tumewafundisha vijana kuichukia kazi. Likiwa maabara, tutakuwa tumejenga Taifa linalojitegemea.