Afande wa Kubuni na Namba ya OB

Februari 2020, polisi wa New Zealand walimzindua Ella katika makao makuu yao jijini Wellington: sura ya mwanamke iliyoundwa kwa kompyuta, inayosalimia wageni na kujibu maswali. Sisi Kenya afande wa kubuni tulimzoea kitambo. Inspekta Mwala, aliyeigizwa na Davis Mwabili kwenye Citizen TV, ameingia hata kwenye nyumba za watu wasiokanyaga kituo cha polisi ila kwa kushikwa.

Je, mhusika kama huyo, awe wa tamthilia, wa katuni au wa programu ya simu, anaweza kuwarudishia watu wa Nakuru imani kwa polisi? Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007, ilihesabu watu 1,133 waliouawa. Kati yao, 405 waliuawa kwa risasi. Nakuru na Naivasha ziliumia vibaya, na imani iliyojeruhiwa namna hiyo haitibiwi kwa katuni yenye tabasamu.

Utafiti ninaouamini zaidi katika jambo hili unatoka Rwanda. Mwanasaikolojia Elizabeth Levy Paluck alifuatilia wasikilizaji wa mchezo wa redio Musekeweya, na mwaka 2009 akachapisha matokeo. Mchezo ule haukubadilisha sana yale watu waliyoamini moyoni. Ulibadilisha walivyoona desturi ya jamii yao: nini hutendwa, nini hukubalika. Mienendo yao nayo ikaguswa.

Kwa hiyo mhusika wetu asihubiri kwamba polisi ni rafiki. Amwonyeshe mama wa mtaa wa Kaptembwo, Nakuru, aliyeibiwa akifika kaunta, akieleza shida yake, akidai namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, na kukataa kuondoka bila hiyo. Aonyeshe kwamba fomu ya P3, ya kurekodi majeraha ya aliyeshambuliwa, haiuzwi, na kwamba aliyekamatwa ana haki ya kuambiwa sababu. Askari anayetazama naye atajua kesho wananchi watamdai nini. Lakini mama anayetazama akidai namba hiyo kwenye kaunta halisi akafukuzwa, mchezo umemdhuru, maana sasa anajua alichonyimwa. Ndiyo maana mhusika lazima pia ataje IPOA, mamlaka huru iliyoundwa kwa sheria ya 2011 kupokea malalamiko dhidi ya polisi, na njia ya kuifikia.

Katika Bonde la Ufa kuna jambo jingine ambalo wabunifu wa Nairobi hulipuuza. Mpe sajini jina na lafudhi, tayari umempa kabila, na mtazamaji wa Molo au Njoro ameshaamua yuko upande wa nani. Bora kituo kizima kiwe na wahusika kadhaa wanaotofautiana, wanaokosoana na kuwajibishana.

Na mhusika akiwa wa programu ya simu, mwananchi aambiwe waziwazi, kabla hajaandika neno, ni nani atakayesoma taarifa yake na itahifadhiwa wapi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa haki ya kujua data yake itatumiwaje. Shahidi anayeishi mlango wa pili kutoka kwa mshukiwa hawezi kuanza kuzungumza kabla ya kupata jibu hilo.